Jinsi ya kumvuta rafiki amalize kilomita 10 chini ya saa moja

Wifi yangu alikuwa amekwama kwenye saa moja na dakika mbili. Alikimbia mbio tatu za kilomita 10 hapa Dar es Salaam, na mara zote tatu alimaliza kwa 1:02 na sekunde kadhaa. Aliponiomba nikimbie naye ili avuke, nilikubali palepale. Umbali huo mimi huumaliza kwa dakika 51, nikadhani hilo linatosha. Halikutosha. Mara ya kwanza nilimharibia mbio zake. Mara ya pili, miezi mitatu baadaye, alimaliza kwa 59:41.

Kazi hii kwenye mbio kubwa hufanywa na sungura, yule anayetangulia kuweka kasi ili mwingine aifuate. Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tunaijua tangu utotoni. Kwenye mchakamchaka wa asubuhi palikuwa na mwimbishaji, na miguu ya shule nzima ilifuata wimbo wake. Akiuharakisha, wadogo wa nyuma walikatika pumzi kabla ya kurudi kwenye mstari wa ukaguzi. Hicho ndicho nilichomfanyia wifi yangu mara ya kwanza, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Nimetumia lengo la dakika 60, lakini namba unaweza kuzibadili kulingana na mtu wako.

Hatua ya 1: Hakikisha lengo lipo miguuni mwake

Sungura hampi mtu nguvu asizokuwa nazo. Anamsaidia kuzitumia alizonazo bila kuzimwaga njiani. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya mbio, kimbieni kilomita 5 kwa nguvu zote, kwenye barabara tambarare, saa ileile ya asubuhi ambayo mbio zitaanza. Muda wa mazoezi ya Arusha au Lushoto kwenye ubaridi haukusaidii kupanga mbio za Dar, ambako jasho linakutoka hata umesimama.

Chukua muda huo wa kilomita 5 uzidishe kwa 2.085. Hesabu hii inatokana na kanuni ya mhandisi Mmarekani, Peter Riegel, na wakimbiaji wengi wanaitumia. Mtu wa 28:30 anapata 59:25, yaani lengo lipo. Mtu wa 29:30 anapata 61:30, na huyo mwambie ukweli kwa upole: safari hii tutafute 61:30, saa moja tutaivunja mbio zijazo. Rekodi yake itakuwa imeboreka vilevile, na ataivuka kwa furaha badala ya kuifia njiani.

Hatua ya 2: Jipime na wewe

Kasi ya rafiki yako lazima iwe kwako kasi ya kuongea. Ikiwa wewe mwenyewe humaliza kwa dakika 58, usikubali kazi hii. Kufikia kilomita ya 8 utakuwa unapigania pumzi zako. Mimi nashauri uwe na angalau dakika sita za akiba.

Lakini kuwa na akiba kuna ubaya wake. Mguu uliozoea kwenda haraka hukataa kwenda taratibu, unateleza mbele bila wewe kujua. Kimbieni pamoja angalau mara nne kwa kasi ya mbio. Sisi tulifanya kilomita 2 mara tatu kwa 5:55, yaani dakika 5 na sekunde 55 kwa kila kilomita, tukipumzika kwa kutembea dakika mbili katikati, na siku kumi kabla ya mbio tukakimbia kilomita 6 mfululizo kwa kasi hiyohiyo. Yalikuwa mazoezi yangu kuliko yake. Nilikuwa najifunza 5:55 inavyosikika: nyayo zake zinavyogonga lami, anavyovuta pumzi akiwa sawa na anavyovuta akianza kuzidiwa.

Amua pia mapema kwamba siku hiyo hukimbilii muda wako. Septemba 2003 kule Berlin, Paul Tergat alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa 2:04:55, na Sammy Korir, aliyeingia kama sungura, akafika sekunde moja tu nyuma yake. Wale walikuwa wakimbiaji wa kulipwa na Korir alikuwa na haki ya kushindana. Wewe umeahidi jambo jingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu, kisha uibebe wewe

Dakika 60 ukizigawa kwa kilomita 10 unapata dakika 6 kwa kilomita. Ukishika 6:00 kamili mwanzo hadi mwisho, mtachelewa.

Sababu ni hii. Njia inayopimwa kwa kanuni za kimataifa hupimwa kwa baiskeli kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 tu kutoka ukingoni kwenye kona, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikatokea kuwa fupi. Hakuna mtu wa kawaida anayekimbia mstari huo. Mtapishana na watu, mtachukua kona kwa nje, mtasogea pembeni kufuata maji. Mwisho wa mbio saa zenu zitasoma kilomita 10.1 hivi. Kilomita 10.1 kwa kasi ya 6:00 ni 60:36, na hapo ndipo mtu analia kwenye mstari huku saa yake ikimwambia amekimbia kwa wastani aliopanga.

Mbio nyingi za mtaani hazijapimwa hata kwa baiskeli, kwa hiyo zinaweza kuzidi au kupungua zaidi ya hapo. Waulize waliokimbia mwaka uliopita saa zao zilisoma ngapi.

Mpango wetu wa mara ya pili, kwa kilomita za kwenye saa, ulikuwa huu:

- Kilomita ya 1: 6:05
- Kilomita ya 2: 5:58
- Kilomita ya 3 hadi ya 9: 5:55 kila moja
- Kilomita ya 10: 5:45
- Mita 100 za ziada: sekunde 34

Jumla yake ni 59:47. Kwenye mabango ya barabarani, ambayo mtayafikia saa ikiwa imeshasoma umbali zaidi kidogo, inamaanisha kupita kilomita 5 kwa 30:06 na kilomita 8 kwa 48:01. Hizo namba mbili niliziandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono wangu wa kushoto. Wifi yangu sikumwandikia kitu, na saa yake nilimwomba aifunike kwa utepe. Mtu anayekimbia kwa uwezo wake wote hana akili ya ziada ya kutoa na kujumlisha. Hesabu yote ni mzigo wa sungura.

Kuhusu saa ya GPS: usiangalie kasi ya papo hapo, inarukaruka, hasa kwenye majengo marefu ya Posta na chini ya miti. Weka ukurasa unaoonyesha wastani wa kilomita mnayokimbia, pamoja na muda wote tangu muanze. Muda wote ndio usiodanganya.

Hatua ya 4: Jiandikishe

Lipa ada, chukua namba, ibandike kifuani. Kanuni za riadha haziruhusu kuvutwa na mtu asiye mshiriki wa mbio hizo, na hata kwenye bonanza la mtaani ambako hakuna anayekagua, maji na medali vimehesabiwa kwa walioandikishwa. Sipendi kabisa kumwona mtu asiye na namba akichukua chupa ya maji kituoni huku mama aliye nyuma yake akikuta meza tupu.

Hatua ya 5: Patana naye maneno

Siku mbili kabla, kaeni muulizane. Akichoka anataka uongee au unyamaze? Anataka kujua muda au hataki? Wifi yangu alinishangaza. Mimi nilikuwa nimepanga kumshangilia njia nzima, yeye akasema kelele zinamchosha.

Tukachagua maneno matatu. "Shika" maana yake tupo sawa, usibadilishe kitu. "Legeza" maana yake unakimbia kwa mabega, shusha mikono, pumua. "Njoo" ni kwa ajili ya kilomita ya mwisho peke yake, lisitumike kabla. Yeye naye alikuwa na mawili: "sawa", na "wifi" likisemwa mara mbili, ambalo lilimaanisha punguza kidogo. Mtu aliyeishiwa pumzi hawezi kukupa sentensi.

Mwahidiane pia kuhusu kuacha. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba nikimwona amechanganyikiwa tutasimama, hata kama amebakiza mita 500.

Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Kula mapema kitu ulichokizoea, chai na mkate au ndizi, saa mbili kabla ya kuanza. Usivae kiatu kipya wala ile fulana mliyopewa jana kabla hujaifua na kuikimbilia. Paka mafuta ya mgando kwapani na mapajani. Fikeni mapema kwa sababu barabara zitakuwa zimefungwa na bodaboda wenu atawashusha mbali. Foleni ya choo nayo ni ndefu. Dakika kumi za kukimbia taratibu, basi.

Simameni katikati ya kundi. Mbele kabisa mtasukumwa na vijana wanaotaka kuonekana kwenye kamera, nyuma kabisa mtakuta familia zinazotembea wakiwa wameshikana mikono, na kuwapita ni kukimbia kwa zigizaga. Anzisha saa mnapokanyaga mkeka unaosoma chipu, kile kifaa kidogo mlichovaa cha kupima muda, na kumbuka ni sekunde ngapi zimepita tangu mlio wa kuanzia. Utazihitaji mwishoni.

Hatua ya 7: Kilomita mbili za kwanza, ambako mbio nyingi hupotea

Mara ya kwanza tulipita kilomita ya kwanza kwa 5:31. Muziki ulikuwa juu, hewa ilikuwa bado na ubaridi wa alfajiri, wifi yangu anacheka, mimi nafurahi kwamba tumeshaweka akiba ya karibu nusu dakika. Kilomita ya pili ikawa 5:38. Kufikia ya saba alikuwa anakimbia kwa 6:40, uso umebadilika, na ile akiba ilikuwa imeisha zamani. Alimaliza kwa 1:02:20. Aliniambia "asante wifi" kwa adabu, na mimi nilijua kosa ni langu.

Kwenye mbio za umbali huu hakuna akiba. Kila sekunde unayoiba mwanzoni hulipwa kwa sekunde kadhaa mwishoni, kwa sababu misuli iliyosukumwa kupita kiwango chake mapema hairudi katika hali yake wakati mwili bado unakimbia na joto linapanda.

Watanzania tuna picha moja nzito ya kukimbia mbele tangu mwanzo: Filbert Bayi, Christchurch 1974, mita 1,500, anaongoza tangu mwanzo hadi mwisho bila sungura yeyote na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.2. Tumekua tukisimuliwa habari hiyo, na nadhani inatukaa miguuni bila kujijua. Lakini Septemba 2025 Tokyo tulipewa picha nyingine. Alphonce Simbu alikimbia marathoni nzima ya ubingwa wa dunia akingoja, na akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye mita za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Rafiki yako mkimbize kama Simbu.

Kwa vitendo: kaa hatua moja mbele yake na umzibe. Acha watu wawapite, tena wengi. Atataka kuwafuata, maana atamwona jirani wa ofisini ambaye huwa anamshinda. Nyosha mkono wako kidogo upande wake, kiganja chini, mwambie "shika". Muulize swali fupi. Akiweza kukujibu kwa maneno matano au sita bila kukatika, mko mahali sahihi. Akijibu hadithi nzima bado ni sawa, ni kilomita ya kwanza.

Hatua ya 8: Kilomita ya 3 hadi ya 6

Hapa kazi inachosha kwa sababu hakuna kinachotokea, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, masungura 41 walipokezana kumzunguka, na kilomita zake karibu zote zilikuwa kati ya 2:48 na 2:52. Muda ule haukuandikwa kama rekodi ya dunia, sababu mojawapo ikiwa masungura waliokuwa wakiingia na kutoka. Lakini kama somo la kushika kasi moja sijaona zaidi ya hilo. Wewe jitahidi kilomita zako zisipishane zaidi ya sekunde tano.

Pa kukaa: bega lake likiwa nyuma kidogo ya lako, upande wa ndani wa kona, ili yeye afuate mstari mfupi kwa kukufuata tu. Usimkimbilie mbele mita tano halafu ukageuka kumtazama. Kila anapokuona unageuka, anasoma kwamba amechelewa.

Upepo. Mbio nyingi za hapa mjini hupita Daraja la Tanzanite, na kule juu ya bahari hakuna mti wala ukuta kwa zaidi ya kilomita moja. Wakati wa kusi upepo mara nyingi utawapiga usoni mkielekea mjini. Wakati wa kaskazi, mkielekea Oysterbay. Ukianza tu, hamia mbele yake moja kwa moja, umbali wa mkono mmoja, umwambie akukae mgongoni. Usiangalie saa hapo, angalia juhudi. Mkipoteza sekunde nne kwenye daraja, zirudisheni polepole ndani ya kilomita mbili zinazofuata, si ndani ya mita mia mbili.

Maji: mwambie aendelee na mstari wake, wewe tangulia mita kumi, chukua chupa mbili, fungua kizibo, mwaga robo ili isimrukie puani, kisha mpe. Mafunda mawili yanatosha, yanayobaki ni ya kichwa na shingo. Chupa itupwe pembeni, isiachwe katikati kwenye miguu ya wengine.

Kwenye bango la kilomita 5 angalia mkono wako. Sisi tulikuwa 30:09 dhidi ya 30:06. Nilimwambia neno moja: "shika".

Hatua ya 9: Kilomita ya 7 hadi ya 9

Jua limeshatoka, kundi limetawanyika, na mwili wake umeanza kumshawishi kwamba 1:01 nayo si mbaya. Hapa ndipo unapohitajika kweli.

Punguza maneno. Usimwambie "pole", neno zuri kuliko yote nyumbani lakini hapa linamwambia amepatwa na jambo. Usimdanganye kwamba "bado kidogo" kama bado kilomita mbili. Akigundua hatakuamini tena, na utahitaji akuamini. Mpe vitu vidogo vya kweli: "hadi ule mbuyu", "hadi kwenye kona", "mpite yule wa fulana ya njano". Mimi nilipiga hesabu ya nyayo kwa sauti ya chini, moja hadi nane, kama mwimbishaji wa mchakamchaka, na nikasikia nyayo zake zikirudi kwenye mdundo.

Karibu na kilomita ya 8 alisema, "Wifi, niache, nenda." Nikamjibu, "Siendi popote, dada. Legeza mikono." Hatukuongea tena kwa dakika nne. Bango lilisoma 48:03.

Jifunze pia kutofautisha uchovu na hatari. Uso kukunjamana, kulalamika, kupumua kwa kelele ni uchovu. Kuyumba, kujibu mambo yasiyoeleweka, kutetemeka au kuhisi baridi kwenye joto, au jasho kukauka ghafla ni hatari. Simama naye, mweke kivulini, mmwagie maji, ita watu wa huduma ya kwanza. Usijadiliane naye wakati huo. Mmeshapatana kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 10: Kilomita ya mwisho

Sasa sema "njoo". Ongeza kasi kidogo kidogo, hatua nusu mbele yake, ili awe anakufikia bila kukupita. Ukichomoka ghafla utamvunja moyo. Zikibaki mita 300, toka mbele yake na uhamie ubavuni; barabara iwe wazi machoni pake hadi kwenye mstari.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Saa kubwa ya mstari wa kumalizia huhesabu tangu mlio wa kuanzia, lakini chipu yake imeanza kuhesabu alipokanyaga mkeka. Tulipoingia kwenye nyasi tuliona 1:00:02, nikaona mabega yake yakishuka. Nilikuwa nimeikariri ile tofauti ya sekunde 34 tangu alfajiri. Nikapiga kelele, kwa mara ya kwanza siku hiyo: "Toa thelathini na nne! Njoo wifi, njoo!"

Mita kumi za mwisho rudi nyuma hatua moja, avuke mwenyewe, na kwenye picha abaki peke yake. Kisha mshike mkono, asikae chini. Tembeeni dakika tano, maji kidogo kidogo. Muda wa chipu usubirini kwenye ujumbe wa simu au ubaoni kabla ya kupiga vigelegele. Wake ulikuja tukiwa tunakula machungwa kivulini. Akausoma mara mbili, akautoa ule utepe kwenye saa yake na kuubandika nyuma ya namba yake, pamoja na tarehe.